Sura ya Nne: Mama Kevin

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii tumeikariri shuleni, tumeiandikia insha, tumeisikia matangani na barazani, na ni nadra mtu kuuliza: na babake je? Methali haimtaji. Haimtaji mjomba, wala mwalimu, wala chifu, wala jirani aliyemwona mtoto akitembea na nyuso ngeni akanyamaza. Mtoto akiharibika, hukumu imekwisha kutoka kabla kesi haijasikizwa, na kizimbani amesimama mtu mmoja.

Kuna sinema iliyokaa na mtu huyo kizimbani kwa karibu saa mbili. Inaitwa We Need to Talk About Kevin. Iliongozwa na Lynne Ramsay, mwanamke Mskoti, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi wa Mei 2011. Chimbuko lake ni riwaya ya Lionel Shriver ya mwaka 2003, iliyopata tuzo ya Orange ya Uingereza mwaka 2005. Hadithi yenyewe ni ya Marekani, ya nyumba kubwa yenye bustani na vyumba vitupu. Hata hivyo kila nikiitazama, akili yangu huvuka kivuko cha Likoni, ikapita Ukunda na Diani, ikashuka hadi Msambweni na Lunga Lunga, kwa wanawake wa kaunti ya Kwale, Pwani ya Kenya, wanaoulizwa swali lile lile analoulizwa Eva, mama wa Kevin: ulikuwa wapi mwanao alipokuwa akigeuka?

Eva, anayeigizwa na Tilda Swinton, alikuwa mwanamke wa safari. Kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia na kuandika vitabu vya kuwaongoza wasafiri. Akaolewa na Franklin, akapata mimba, akamzaa Kevin. Kevin alilia bila kukoma alipokuwa mchanga, akachelewa kusema, akamkatalia mamake kila kitu na kumchekea babake. Alipokua akapewa na babake upinde na mishale. Siku moja akafunga kwa kufuli milango ya ukumbi wa michezo wa shule yao, wenzake wakiwa ndani, akawalenga mmoja mmoja. Mama aliporudi nyumbani akamkuta mumewe na binti yake mdogo bustanini, wote wawili wamekwisha kuuawa kwa upinde huo huo.

Ramsay hakutuonyesha mauaji yale. Ametuonyesha mama baada ya mauaji. Eva anaishi peke yake katika nyumba ndogo. Mtu amekuja usiku akaimwagia rangi nyekundu ukuta hadi gari, na yeye anaisugua siku nenda siku rudi, rangi ikimganda kwenye kucha na nywele. Barabarani mwanamke aliyefiwa anamzaba kofi, naye hamshtaki. Dukani mtu anavunja mayai yote aliyoyaweka kwenye kikapu. Eva anayalipia hivyo hivyo, anakwenda kuyakaanga na maganda yake, anakula, anatoa vipande vya ganda mdomoni kimoja kimoja na kuvipanga kando ya sahani. Sijaona katika sinema nyingine namna iliyo wazi kuliko hiyo ya kuonyesha mtu aliyekubali kuadhibiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyemsomea.

Huku kwetu hakuna haja ya rangi. Mwanamke akishazaa, jina lake la ujanani hukaa pembeni, akaitwa Mama Hamisi au Mama Mwanasha. Ni heshima, kijana anayemwita mama wa mwenzake kwa jina lake tupu ataonekana hana adabu. Lakini siku Hamisi akitajwa redioni, heshima ile inakuwa ndiyo shtaka, na kila anayemsalimu sokoni anamkumbusha. Eva angeweza kuhama na kujificha katika jina lingine. Mama Hamisi hana pa kujificha kwa sababu watu hawamjui kwa jina lingine.

Mtu aliyezoea vibanda vya video vya Ukunda atakwama na sinema hii mapema sana. Kibandani swali la kwanza huwa: nani steringi? Na ukishamjua steringi umekwisha kujua nani hafi na nani wa kuchukiwa. Ramsay ametunyima steringi. Amevunja pia mfuatano wa hadithi. Eva anasugua rangi. Mara yuko Uhispania, ujanani, amebebwa juu juu na umati katika sherehe ya kurushiana nyanya ya mji wa Buñol, mwekundu mwili mzima na mwenye furaha. Mara amejificha dukani mbele ya rafu iliyojaa mikebe ya supu ya nyanya. Wekundu wa raha na wekundu wa damu unachanganyika hadi mtazamaji hajui tena kipi kilitangulia.

Mbinu hii ina sababu. Kila tunachokiona kuhusu Kevin tunakiona kwa macho ya mama ambaye amekwisha kujua mwisho. Mtoto mdogo anakataa kumrudishia mpira. Mtoto mkubwa kidogo anajichafua kwenye nepi kusudi, mamake aliyetoka kumbadilisha sasa hivi anamrusha, mkono unavunjika. Kisha mtoto yule yule anamdanganya babake kwamba ameanguka mwenyewe, akamfichia mama siri, na siri hiyo ikawa kamba ya kumfunga nayo. Je, Kevin alizaliwa hivyo? Au Eva, akirudi nyuma kwa mawazo, anamkumbuka hivyo kwa kuwa anahitaji kupata mahali pa kuanzia? Sinema haijibu. Mama anapitia miaka kumi na sita kama anayechambua mchele, akitafuta lile jiwe moja.

Kazi hiyo inafanywa Kwale pia, usiku, watu wakishalala. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, vijana wa Pwani waliendelea kuondoka mmoja mmoja kuelekea huko kujiunga na Al-Shabaab, na Kwale ikawa miongoni mwa kaunti zilizotajwa sana. Wengi waliondoka bila kuaga. Mama akabaki na ushahidi wa kuchambua: siku mwanawe alipogawa jezi yake ya mpira, siku aliyoanza kutoka nje simu ikilia, siku aliyobishana na imamu wa msikiti wa mtaa, siku aliyofuta nyimbo zote kwenye simu. Ugumu ni kwamba mambo mengi ya namna hiyo ndiyo mama alikuwa akiyaombea dua. Ni mama gani wa Gombato au Bongwe asiyetaka mwanawe aache maskani, aswali swala tano, awe mtulivu nyumbani? Alishukuru. Miezi michache baadaye anaambiwa kwamba aliyoyashukuru zilikuwa dalili, na kwamba alipaswa kuziona.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana aliyesomea sheria Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na babake alikuwa amekwisha kupiga ripoti kwamba mwanawe haonekani. Siku chache baadaye, aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, Joseph Nkaissery, akatangaza msamaha: waliojiunga na Al-Shabaab wajisalimishe katika muda wa siku 10. Wazazi wakahimizwa waende polisi kuwataja watoto waliopotea.

Mfikirie mama wa Msambweni siku hizo kumi. Akienda kituoni kuandikisha jina la mwanawe, ameliingiza jina hilo katika orodha, na anayajua yanayosemwa kuhusu waliomo kwenye orodha. Asipokwenda, ameficha mhalifu. Na huenda mtoto mwenyewe hakwenda Somalia. Huenda yuko Mombasa, yuko Dar, yuko baharini, au amechukuliwa na gari lisilo na namba. Mwezi wa Desemba 2016 shirika la HAKI Africa lilitoa ripoti kuhusu kaunti za Pwani kuanzia 2012 hadi 2016, ikiorodhesha visa 81 vya watu waliouawa au kupotezwa, vingi vikihusishwa na vyombo vya usalama. Jina la ripoti hiyo lilikuwa swali: familia tuziambie nini? Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, Kwale ikazindua mpango wake wa kaunti wa kukabiliana na itikadi kali, miongoni mwa kaunti za kwanza nchini. Katika mikutano ya mipango ya aina hiyo akina mama huitwa na kuelezwa kwamba wao ndio wa kwanza kuona mabadiliko ya mtoto. Ni kweli, lakini kauli hiyo ina ile methali ndani yake. Mwenye kuona kwanza ndiye atakayelaumiwa kwanza.

Tusidhani kwamba ni mama za vijana waliokwenda Somalia peke yao. Upande wa Diani kuna akina mama wengi zaidi ambao watoto wao hawakwenda popote. Wako hapo hapo Ukunda, wanabwia unga. Mama wa teja anajua arosto inavyoanza kabla ya mwanawe mwenyewe kuijua: miayo, kamasi, kujikunyata kwenye joto la mchana. Anajua pia sufuria ilikwenda wapi, na mtungi wa gesi. Tangu Desemba 2014 Kenya imekuwa ikitoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, na Kwale kuna kliniki ya namna hiyo Kombani. Dawa ile hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, kwa miezi na miaka. Nauli ya kila siku hutoka kwa nani? Kwa kawaida hutoka kwa mama, anayeuza mahamri asubuhi au kufua mashuka hotelini, na ambaye majirani wanasema amemdekeza.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha sinema ya Ramsay, na wengi walioizungumzia kama sinema ya mtoto mwovu wamekipita. Kuna onyesho fupi sana mwanzoni mwa malezi. Eva yuko barabarani na kigari cha mtoto, mtoto analia, analia, analia. Anasimama karibu na wafanyakazi wanaovunja lami kwa mashine, anafumba macho. Kelele ya mashine inaufunika mlio wa mtoto, na uso wa mama unalegea kwa mara ya kwanza. Katika muda wote huo hajatokea mtu wa kumpokea mtoto. Hakuna mama mzazi, hakuna dada, hakuna jirani. Mume anarudi jioni, anambeba mtoto, mtoto ananyamaza, na kunyamaza kule kunakuwa ushahidi mwingine dhidi ya mama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Pwani ilikuwa na dawa yake ya upweke huo, nayo ni arobaini. Siku arobaini mzazi hatoki. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, mtoto anapokezanwa na wanawake wa nyumba hiyo hadi mama akalala usingizi. Hakuna anayemwuliza kama anampenda mtoto. Wanambeba mtoto, basi. Leo mwanamke anayezalia chumba cha kupanga karibu na Kona ya Musa, ndugu zake wako Kinango au Lunga Lunga, na kazi yake ya hotelini ni ya kibarua isiyomngoja, hapati siku hizo arobaini. Akisema kwamba mtoto huyu simpendi, ataambiwa ana pepo. Eva angalau hakuambiwa hivyo. Hakuambiwa lolote.

Kuna jambo la Wadigo ambalo ningependa mwongozaji yeyote wa sinema alijue. Zamani Wadigo walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa fuko la mamake, na mwanamume mwenye kauli juu yake hakuwa baba, alikuwa mjomba. Mali ya mjomba ilirithiwa na mpwa. Uislamu ulipoenea katika nchi ya Digo, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na sheria za kikoloni zikaingia, urithi ukaegemea kwa baba, na ugomvi baina ya mpwa na mwana ukafikishwa mbele ya makadhi na machifu kwa miaka mingi. Sisemi kwamba enzi za fuko zilikuwa za raha. Mjomba huyo huyo aliweza kumweka mpwa wake rehani wakati wa njaa. Ninachosema ni kwamba mtoto akimtatiza mama, mama alikuwa na mwanamume wa damu yake ambaye jambo hilo lilikuwa lake kisheria, kimali na kiheshima.

Mjomba yule ameondoka kwenye sheria, na baba wa sheria mpya mara nyingi hajafika. Ameoa pengine, yuko Mombasa, yuko Saudia kwa kazi, au yupo nyumbani kama Franklin alivyokuwapo: mkarimu, mcheshi, mwenye kumwambia mkewe kwamba mtoto hana neno. Franklin ndiye mhusika anayenihuzunisha zaidi katika sinema ile. Anampenda mwanawe kweli, na kwa kumpenda huko anakataa kusikia. Kila Eva anapofungua mdomo, Franklin anamshauri akaonane na mtu wa kuzungumza naye. Mazungumzo yaliyoahidiwa na jina la sinema hayafanyiki hata mara moja.

Upande wa pili wa jambo hili umeonyeshwa na sinema ya hapa hapa Pwani. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, si hadithi ya kubuni. Waliirekodi kwa miaka kadhaa katika familia moja ya Kimijikenda, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la IDFA mjini Amsterdam mwaka 2019, kisha ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya Oscar. Kijana anayeishi Mombasa anasikia kwamba nyanyake, bibi wa miaka tisini na kitu, ametajwa kwenye Facebook kuwa mchawi. Anarudi kijijini kuuliza. Anakuta waliomtuhumu ni watu wa nyumba yake, na kwamba nyuma ya maneno ya uchawi kuna shamba.

Nikiziweka sinema hizi mbili pamoja naona kitu kimoja. Kwa Eva, ulimwengu unamtafuta mwovu aliyemzaa mwovu. Kwa yule bibi, watoto wenyewe wamemtafuta mwovu wa kumbebesha vifo, magonjwa na umaskini wao, wakamwona yule yule aliyewabeba. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, na Ganze, huko Kaya Godoma, pamekuwa kimbilio la wazee waliokimbia wana wao. Watu wanaposhindwa kueleza kilichoivunja nyumba, wanamgeukia mwanamke aliyekuwamo muda mrefu kuliko wote. Lakini yule bibi anafanya jambo ambalo Eva hawezi: anakana. Analima, anacheka, anakaa shambani kwake. Nguvu yake inatokana na kwamba bado ana mjukuu mmoja aliyepanda matatu akaja kumwuliza kwa adabu kilichotokea.

Pwani ina watu wa kuitengeneza sinema ya mama wa Kwale. Mwaka 2023 Mvera, ya Daudi Anguka, mwongozaji wa Pwani, ilichaguliwa na Kenya kwenda Oscar, na tamthilia zake zimewafunza waigizaji wengi wa ukanda huu kusema mbele ya kamera Kiswahili wanachokisema nyumbani. Ninachoomba ni kwamba atakayeichukua kazi hiyo asianze na bunduki wala ramani ya Somalia. Aanze na mama anayekunja nguo za mwanawe, asijue kama azifue, azigawe au aziache zilivyo na jasho lake.

Na afikirie sana kuhusu mwisho. Onyesho la mwisho la Kevin ni la gerezani. Miaka miwili imepita, kijana anakaribia kutimiza miaka 18, atahamishiwa jela ya watu wazima, na kwa mara ya kwanza anaonekana mwenye hofu. Mamake anamwuliza kwa nini alifanya vile. Anajibu kwamba zamani alidhani anajua, sasa hana hakika. Eva anamkumbatia, anatoka. Nyumbani amekwisha kumwandalia chumba, shati zake zimepigwa pasi. Wako waliosema kwamba huo ni udhaifu. Mimi naona ndilo jambo la kwanza analolifanya Eva katika sinema nzima bila kuwaza watu watasemaje.

Lakini Eva ana chumba cha wageni gerezani, meza, saa ya kuonana, na mlinzi wa kumwambia muda umekwisha. Mama wa Msambweni ambaye mwanawe amefungwa Shimo la Tewa naye anavyo hivyo, akipata nauli ya kwenda Mombasa, kuvuka feri na kuendelea hadi Shanzu. Mama ambaye mwanawe amepotea hana hata kimoja. Sheria ya ushahidi ya Kenya inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangemsikia kama angekuwa hai, huchukuliwa kuwa amekufa. Kijana aliyeondoka Ukunda mwaka 2014 amekwisha kuupita muda huo. Mkewe akitaka kuolewa tena, au watoto wake wakitaka sehemu yao ya shamba, lazima mtu aende mahakamani akaombe kijana huyo aandikwe kuwa maiti, na mahakama itataka ushahidi wa waliomjua. Jamaa watakaa kikao, baba au mtu wa upande wa baba atasema kwa ajili ya mali, na mwishowe watamgeukia mama, kwa kuwa yeye ndiye angepigiwa simu.

Atasema nini? Ana namba ya zamani ya mtoto kwenye simu yake, na kila mwezi anatia salio la shilingi ishirini ili laini yake mwenyewe isifungwe. Radhi alikwisha kuitoa siku ya kwanza, bila kuombwa. Wanaomngoja aseme wanataka atamke kwamba mwanawe hayuko, kisha waendelee na mambo mengine. Naye anajua kwamba akishalisema hilo, jioni ya siku hiyo atapita sokoni na watu watamwita kama walivyomwita siku zote: Mama Hamisi, hujambo?